Robine ya Umeme na Mikono ya Mama Mkwe

Mume wangu anapenda vitu vinavyojifanyia kazi. Mwaka jana alileta robine, koki ya kuchanganya maji moto na baridi, yenye jicho mbele na vali ya umeme chini ya sinki. Ukileta mikono, vali inafungua maji, ukiitoa, inafunga. Umeme ukikatika, inafunga kabisa, ati nyumba isifurike. Siku hiyo nilimpenda mara mbili, nakiri.

Huku mtaani kwetu Bel-Air, maji yakikatika tunaacha robine wazi na beseni chini yake, ili tusikie yakirudi. Hii yetu haikubali kuachwa wazi. Nami nikajiona mtu wa kisasa, nikaacha hata kujaza mabidoni, madumu yetu ya maji ya akiba.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Kasenga na kikapu cha samaki. Ilikuwa mara yake ya kwanza kula kwetu. Kwao, mke wa mwana hupiga magoti na kummiminia mama mkwe maji mikononi kabla ya bukari, ugali wetu, na nilijua atanipima hapo. Lakini nilitaka sana aone robine! Nikampeleka jikoni, mume wangu nyuma yetu, nikajigamba. Maji yakatoka yenyewe. Akajipaka sabuni hadi viwikoni kwa ajili ya shombo, na hapo hapo umeme ukakatika.

Robine ikajifunga. Maji yalikuwa tele ndani ya bomba, na sisi watu wazima watatu tunaitumbulia macho. Niliipungia mkono, nikaipiga kofi, nikaibembeleza. Mume wangu aliingia chini ya sinki na tochi ya simu, akatoka na utando wa buibui kichwani, basi. Mabidoni yote makavu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Nikatoa chupa ya maji ya kunywa kwenye friji, nikapiga magoti palepale, nikammiminia. Aliruka kwa baridi, akaguna, kisha akanitazama.

« Mutoto yangu, » alisema, « miye nilizania muliweka hii kintu juu weye hautaki kunipigia magoti. »

Wazo hilo, kwamba robine ilikuwa ya kukwepa magoti, halikuwahi kunipitia kichwani, na liliniuma.

Akaichukua chupa mkononi mwangu.

« Leta na weye mikono. »

Akanimiminia yaliyobaki, polepole, mpaka yakaisha.