Mama Alipotembea Mbele ya Gari Langu

Walisema usukani nitaushika ndotoni. "Mtoto wa mjane," walicheka pale sokoni Kisegi, "gari atalijua kwa kulisukuma." Mwanangu, niliwaacha wacheke. Nilipanda mabasi mpaka Zambia, nikabeba zege mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma ya ujenzi na pikapu nyeupe niliyoiendesha mwenyewe kutoka Lusaka hadi mlangoni kwa Mama. Kisha nikanunua kiwanja Migori, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Ramani yangu, mikono yangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sijivuni, nasema yaliyokuwa. Haya, labda najivuna kidogo.

Lakini iko siku moja ya miaka ile ya tisini ambayo diploma haikunifaa kitu, na ndiyo siku ambayo ningeomba nirudishiwe kuliko zote.

Nilikuwa nampeleka Mama Migori akaione nyumba. Ilikuwa lazima aende na kurudi siku hiyohiyo, maana kwetu Waluo mzazi halali chini ya paa la mwanawe, na Mama hakuwa mtu wa kuchezea mila. Tuliondoka Kisegi alfajiri. Alikuwa amevaa gauni lake la Sabato, na mapajani amempakata kuku aliyefungwa miguu, zawadi ya nyumba mpya.

"Omondi, punguza," aliniambia tulipoingia bonde la Lambwe. "Nyumba haina miguu. Itatungoja."

"Jua ndilo lenye miguu, Mama," nikamjibu, nikakanyaga mafuta.

Siku zile ua wa mbuga ya wanyama iliyo kando ya barabara ulikuwa na mapengo. Korongo alitoka kwenye nyasi ndefu kushoto kwangu. Umewahi kumwona korongo, mwanangu? Ni swala mkubwa kama ng'ombe, masikio marefu, uso mweusi wenye mabaka meupe kama aliyejipaka chokaa. Bonde lile ndilo kwao. Sikumwona mpaka alipojaza kioo chote. Gari lilipiga kelele, kuku akapiga kelele, kisha kukawa kimya. Tulikuwa wazima. Yeye alikuwa amelala barabarani, miguu ya nyuma imevunjika, akijaribu kuinuka kwa ile ya mbele.

La kwanza nililowaza ni jina langu. "Twende, Mama. Huyu ni wa serikali, watanifunga."

Mama alikuwa ameshashuka. Alivua leso yake akamfunika mnyama macho, akachuchumaa kando yake.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi nabaki naye. Kiumbe hafi peke yake barabarani kama gunia lililoanguka."

Vijana waliokuwa wakichunga ng'ombe karibu walifika mbio, panga mkononi, wamefurahi kama watu wa harusi. "Mkubwa, umetuchinjia!" mmoja akanipigia saluti. "Sogeza mama kidogo, tumalize kabla askari hawajanusa."

"Bado anapumua," Mama akawaambia bila kuinua kichwa. "Kwenu mtu akiugua, mnaanza kugawana viti vyake?"

Panga zikashuka. Mimi nililiacha gari kama lilivyosimama, nikaenda kwa miguu hadi lango la mbuga, nikajishtaki mwenyewe, jua likizidi kupanda. Askari wa wanyamapori aliyekuja nami alikuwa mtu mzima. Aliangalia alama za magurudumu, akamwangalia korongo, akaniangalia mimi. "Ungekimbia ningekutafuta mpaka kwa wakwe zako," alisema. "Aliyerudi namsikiliza." Akanihoji, akaandika maelezo yangu. Kisha akamwomba Mama asogee. Risasi ilikuwa moja. Mama aliacha leso ileile pale ilipokuwa.

Alipolitazama jua, lilikuwa limeshapita utosini. "Migori imekwisha kwa leo," akasema.

"Mama, lala usiku mmoja tu. Ni mjini, nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na paa litajua. Nirudishe Kisegi, utanijia siku nyingine."

Askari alitugeuzia gari likaelekea Kisegi, tukapanda. Nikageuza ufunguo, na hapo mikono yangu ikanikataa. Ilitetemeka kama ya mgonjwa wa malaria. Dereva wa kutoka Lusaka, mwanangu, nimeshindwa kutia gia! Mama hakucheka wala hakunihubiria. Alishuka na kuku wake kwapani, akasimama mbele ya gari, akageukia Kisegi.

"Nifuate, wuoda," alisema, maana yake mwanangu. "Usinipite."

Akaanza kutembea. Nikatia gia ya kwanza, nikamfuata. Mbele yangu hapakuwa na barabara wala nyasi, palikuwa na mgongo wa Mama, gauni la Sabato lenye vumbi, na kichwa cha kuku kikichungulia nyuma. Tulikwenda hivyo mpaka mikono ikarudi kuwa yangu. Ndipo akapanda, akasema, "Umeona? Kumbe gari nalo linajua kutembea."

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu. Lakini nikiwa Migori peke yangu, hofu ilirudi. Niliifunika pikapu kwa turubai. Watu waliniuliza kwa nini simleti Mama, nami nikawajibu kwa kifua mbele kwamba fundi mkubwa haonyeshi nyumba isiyopakwa rangi. Mama akawa ananitumia salamu kwa wachuuzi wa samaki: "Mwulizeni Omondi kama rangi imekauka." Ilikuwa imekauka siku nyingi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mvua zilipoisha alishikwa na kifua, akatutoka. Nyumba hakuiona.

Baada ya matanga ndipo nilipoifunua pikapu, nikapita Lambwe mwenyewe. Mpaka leo nikifika pale natia gia ya kwanza. Walio nyuma hunipigia honi na kunitukana, nami huwaacha wapite. Natazama mbele, huenda nikauona ule mgongo.

Basi, mwanangu, ukigonga kiumbe, simama. Usimwache peke yake, na usimwache mwenye mamlaka asikie habari zako kwa wengine. Mikono ikitetemeka, sema inatetemeka, usiipake hofu yako rangi ukaiita fahari. Kisha rudi barabarani mapema, hata kwa mwendo wa kuku, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na kama kuna anayesubiri kuona ulichojenga, mpeleke leo, kuta zikiwa bado na alama za vidole.

Mungu akufungulie njia, awazuie viumbe wake wasikutane na magurudumu yako. Na siku mikono yako itakapokukataa, akupe mtu wa kushuka garini na kutembea mbele yako.