Viatu vya Kanisa la Ukingoni

Siku ile ilianza kwa ugomvi mdogo wa viatu, kama siku nyingi za ndoa yetu. Mume wangu alikuwa katekista wa kanisa dogo upande wa Kambove, lililosimama ukingoni mwa shimo kubwa la zamani la shaba. Lilipojengwa, shimo lilikuwa mbali. Mvua ikala udongo kwa juu, wachimbaji wakala kwa chini, mpaka ukuta wa nyuma ukawa unachungulia bondeni. Watu wakiimba kwa nguvu, vumbi lilidondoka. Mimi niliimba polepole.

Wachimbaji walishuka pekupeku, maana udongo wa chini ulikuwa tope tupu. Kila mmoja aliacha viatu vyake kwenye baraza ya kanisa, vikitazama nje, ili akipanda avivae na kwenda zake. Aliyefukiwa asipatikane, katekista aligeuza viatu vyake vitazame ukuta. Havikuguswa tena. Nani aliuanza mtindo huo sijui, ila mume wangu aliushika kama amri ya kumi na moja. Kila asubuhi alipita akinyoosha mistari, akifuta matope.

“Baba Sifa, chai inapola,” nilimwambia. “Weye utachunga viatu ya bantu mpaka wapi?”

“Mutu akitoka kule chini,” alijibu bila kuinuka, “akute kitu yake inamungojea.”

Nilikasirika nikanywa chai peke yangu. Ilikuwa nzuri, na hilo nalikumbuka vizuri kuliko nipendavyo.

Vita tulikuwa tumevizoea kama habari za watu wengine. Tuliona familia zikipita barabarani na magodoro juu ya kinga, baiskeli zao, zikielekea mji wa Likasi, tukawapa maji na kuwauliza maswali mengi. Watu wa msituni, waasi wale, wako mbali, tulisema. Hata mlio wa kwanza tulidhani ni baruti ya mgodini.

Kisha mwanamume mmoja akaja mbio kutoka njia ya chini.

“Banakuya! Banakamata banaume, banababebesha mizigo! Wenye kukatala, banabaua!”

Wachimbaji walikuwa wameshashuka. Hapakuwa na muda wa kuwatoa, na barabara ilikuwa imefungwa. Tuliokuwa juu tukawafuata, tukaingia kwenye handaki lililopita chini ya kanisa. Baba Sifa alivua viatu vyake barazani kama kawaida. Namna gani mtu anakimbia kifo halafu anavua viatu kwa adabu, sielewi mpaka leo.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya jasho. Juu yetu kulikuwa na tundu la hewa, lililotokea kando ya baraza. Kila kilichosemwa pale juu kilitufikia.

Mume wangu akanishika mkono.

“Mama Sifa. Viatu.”

Nikaelewa hapohapo. Baraza nzima ya viatu vikitazama nje. Hata mgeni asiyejua desturi yetu angeona kwamba wenyewe wako karibu.

“Usiende,” nikamwambia. Nikamshika shati.

“Nitarudia mbio.”

Shati lilikuwa la zamani. Kishikizo kilibaki mkononi mwangu.

Tulimsikia juu. Viatu vikisuguana na saruji, jozi baada ya jozi, upesi upesi. Hakuwa na muda wa kuvificha. Alikuwa anavigeuza.

Halafu sauti nyingine, ya mkubwa wao.

“Weye! Benye hivi viatu beko wapi?”

“Beko chini, chef.”

Mchimbaji aliyekuwa ubavuni mwangu akaacha kupumua.

“Banafanya nini?”

“Balikufa, chef. Mugodi ilibafunika. Juu ya kubakumbuka, tunaachaka viatu yabo vile, inaangaria ukuta. Hapana mutu anaikamataka.”

Mtu akatembea kwenye baraza, polepole.

“Na hii moja yenye kuangaria inje?”

“Hii ni yangu.”

Mtu mmoja akacheka.

“Basi weye utabeba.”

Sikusikia akivaa viatu.

Tulikaa mle mpaka askari wa serikali walipofika na kutuita. Tulipopanda, viatu vyote vilikuwa vimetazama ukuta, vimenyooka, isipokuwa jozi moja. Na hapa ndipo niliposhangaa. Watu wale, ambao mume wangu aliwaokoa kwa viatu hivyohivyo, walikataa kuvivaa. Vimeshahesabiwa pamoja na vya wafu, walisema. Wakateremka kwenda Likasi pekupeku kwenye changarawe ya moto, wanaume wazima, wakiruka na kulalamika. Nilitaka kuwatukana. Nilicheka pia, na kicheko hicho kiliniuma.

Baba Sifa hakurudi. Mwili haukupatikana, wala habari ya kweli. Mmoja alisema alimwona upande wa Mitwaba na gunia kichwani. Mwingine alisema wenye miguu iliyoumia waliachwa njiani. Nilimsikiliza kila mtu. Nimechoka kusikiliza.

Sasa naishi Likasi na binti yangu Sifa. Wachimbaji wale tunakutana sokoni. Wananiinamia kama mke wa askofu, wananiletea unga, na hawakai kunywa hata maji. Siwalaumu. Walio hai wana kazi. Lakini kuna siku naangalia miguu yao na roho yangu haiwi safi, nasema kweli.

Ufa wa ukuta wa nyuma ulipofika madhabahuni, kanisa likahamwa. Viatu vya wafu vilitupwa shimoni kwa sala, kwa kuwa wenyewe wako humohumo. Wakaniuliza kuhusu vya katekista. Yeye hakufia mle. Nikavifunga kwenye kitenge, nikaja navyo nyumbani.

Nimeviweka mlangoni miaka yote hii, vikitazama nje. Kila asubuhi nimevifuta vumbi. Sifa alinikuta nikifanya hivyo msimu huu wa mvua, akachuchumaa pembeni yangu.

“Mama, utavichunga mpaka wapi?”

Alisema bila ubaya. Hakujua maneno hayo niliwahi kumwambia nani.

“Chai inapola,” nikamjibu. “Enda, ninakuya.”

Alipoingia ndani, nikavifuta mara ya mwisho. Kisha nikavigeuza vitazame ukuta.