Mkaa wa Mifupa na Meno ya Mwanangu

Kila mwaka nikifika kwenye ile mada nakasirika. Nafundisha kemia kidato cha sita hapa Arusha mjini. Nasimama mbele ya ubao na kuwaeleza vijana kwamba ipo mimenyuko inayojiendea yenyewe bila kusukumwa na mtu, mradi nishati huru, ile inayoweza kufanya kazi, inashuka. Wanaandika. Halafu lazima mmoja ataninyooshea mkono: "Kwa hiyo, mwalimu, inatokea haraka?" Hapo ndipo damu inanichemka. Haraka wapi! Kemia inakuambia jambo litaelekea wapi likiachwa lenyewe. Haikuambii litafika lini. Linaweza kuchukua sekunde moja, linaweza kuchukua miaka mitano kinywani mwa mtoto. Hilo la mwisho siwaambii. Nafuta ubao kwa nguvu mpaka vumbi la chaki linanijaa puani.

Nimezaliwa upande wa Kikatiti na nina meno ya kahawia. Mtu wa huku hahitaji maelezo zaidi. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na floraidi iliyomo kwenye mwamba, ile ambayo ikizidi huharibu meno na hata mifupa, inaingia kwenye maji. Hakuna anayeitia. Ilikuwa imepangwa ndani ya jiwe, imepata nafasi ya kutawanyika, imetawanyika, basi. Kutawanyika huko ndiko kunakopimwa kwa kitu kinachoitwa entropia, na vijana wangu wanakikariri kama sala. Kuingia kwenye maji ni bure. Kuitoa ndiyo shughuli. Ukishatia chumvi kwenye mchuzi, kaa hapo uisubiri itoke!

Nilipokwenda chuo Dar es Salaam nilijifunza kucheka nimefunga mdomo. "Hivi wewe unapiga mswaki na majani ya chai?" wenzangu walinitania, na mimi nikacheka nao huku nawachukia mmoja mmoja. Nikaapa kwamba mwanangu hatapitia aibu ile.

Nikapata binti. Na nikampeleka wapi? Kikatiti, kwa mama yangu, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Usinihukumu upesi. Nilikuwa nimepangiwa shule ya mbali huko, nyumba ya mwalimu haina hata dirisha la kufunga, na baba wa mtoto sitaki hata kumzungumzia. Kwetu mtoto wa kwanza kulelewa na bibi yake si habari ya kushangaza mtu. Bibi anapata wa kuongea naye, mtoto anapata maziwa.

Tena sikumwacha hivi hivi. Nilipeleka chujio: ndoo mbili, moja juu ya nyingine, ile ya juu imejaa mkaa wa mifupa. Ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikasagwa punje punje. Maji yakipita humo, mfupa unaachia kidogo kile ulichokuwa nacho na kushika floraidi badala yake, kwa sababu ukishaishika nishati huru inashuka. Hautaki umeme, hautaki moto. Nilimweleza mama yote hayo pale uani, nimesimama mikono kiunoni, msomi wa ukoo. Nikaongeza na la pili, kwamba maji yachemshwe sana kwa ajili ya taifodi. Mama akasema, "Sawa, mwalimu," akaendelea kuchambua maharage yake.

Kuna jambo sikumwambia: mkaa ule unashiba. Kila punje ina nafasi zake, na zikishajaa, mmenyuko umefika mwisho wake, nishati huru haina tena pa kushukia. Maji yataendelea kupita, meupe, matamu, na floraidi yake yote. Nilidhani nitakuwa nakwenda kubadilisha mwenyewe kila baada ya miezi michache. Nilikwenda mara mbili. Baada ya hapo ikawa mitihani, ikawa semina, ikawa mvua, ikawa hili na lile. Hata nilipohamishiwa Arusha na kupanga mtaa wa Kwa Mrombo, mwendo wa saa moja tu kutoka kwa mama, aliponiomba nimwachie mtoto amalize chekechea nilikubali. Na nilifurahi kukubali. Hilo ndilo linaloniuma.

Likizo ya mwaka jana binti alikuja kwangu. Alikuwa anakaribia miaka saba, meno ya mbele ya utoto yameng'oka na ya ukubwa yametoka. Tulikuwa tunakula ndizi nyama mezani, akacheka kitu fulani, nikayaona. Yesu wangu! Yangu mimi yana rangi tu. Yake yalikuwa na mashimo, yamemeguka pembeni, madoa meupe kama chokaa yamechanganyika na kahawia. Nilimshika kidevu kwa nguvu nikamgeuzia kwenye mwanga. Aliacha kucheka, akafumba macho akidhani nampiga.

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, mpole, hana maneno mengi. Aliniangalia mdomo wangu kwanza, kisha wa mtoto. "Haya ya mbele yalishajengwa hivyo, mama. Lakini yapo ya nyuma ambayo bado yako ndani ya fizi, yanajengwa sasa hivi. Na mifupa yake inakua. Mtoe kwenye hayo maji, na umtoe leo, usiseme mwezi ujao."

Jumamosi asubuhi nikakodi gari la jirani, nikamweka binti kiti cha mbele, tukaenda Kikatiti kuchukua nguo zake na kumuaga bibi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na hakuna hata moja lililokuwa zuri.

Tulimkuta mama jikoni. Sufuria kubwa ya maji ilikuwa mafigani inatokota, imebaki nusu, na ukingoni imeshika utando mweupe. Niliuliza imekaa motoni tangu saa ngapi. "Tangu alfajiri. Si ulisema yachemke sana?" Nilisema. Mvuke ulikuwa unapaa kwenda zake, maji matupu, na floraidi inabaki chini kumsubiri mwanangu. Pembeni makande yalikuwa yanaiva, na mbele ya macho yangu mama akatupia humo kipande cha magadi ili maharage yalainike upesi. Magadi yale yanachotwa kwenye kingo za maziwa ya huku na yana floraidi kuliko hata maji yenyewe. Nimekula makande hayo tangu utotoni, nikaenda nikachukua digrii ya kemia, nikarudi likizo nikayala tena, nikaomba niongezewe! Sikujiuliza hata siku moja.

Nikaenda kwenye chujio. Nikafunua ndoo ya juu. Ilikuwa tupu.

"Mkaa uko wapi, mama?"

"Nimeuosha. Nimeuanika."

Ulikuwa nyuma ya nyumba, juu ya gunia, umetandazwa vizuri juani kama kahawa. Kila Jumamosi mama aliutoa, akaufua kwa maji ya bomba, akauanika, jioni akaurudisha. Ni mkaa ule ule niliouleta mara ya mwisho. Alikuwa ameutunza kuliko vyombo vyake vya harusi, na ulikuwa haufai kitu. Floraidi ikishakaa kwenye mfupa imefika kwake, haitoki eti kwa sababu umeimwagia maji na kuipigisha jua. Nilipiga lile gunia teke.

"Miaka yote hii ulikuwa unampa mtoto sumu!" Nilipiga kelele, nasema ukweli. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, nyumbani kwake, mbele ya mtoto.

Alitoka na mwiko mkononi. "Sumu? Nani alileta hizo ndoo? Nani alisema chemsha?"

"Nilisema chemsha, sikusema ukaushe!"

"Ulisema sana. Mimi sikusoma. Ulisema sana, nikachemsha sana. Nimemaliza kuni za watu kwa ajili ya maneno yako."

Nikazidi kufoka. Nikiwa nafoka ndipo lilipoingia kichwani, lile ambalo ningeweza kulieleza ubaoni nikiwa nimelala. Kilichomo kwenye ule mkaa ndicho kilichomo kwenye jino na kwenye mguu wa mtoto. Mfupa ni mfupa. Mmenyuko niliousifia pale uani ndio huo huo ulioharibu kinywa cha binti yangu, unateremka upande ule ule, hauulizi huyu ni ng'ombe au ni mtoto wa nani. Mkaa wa kwenye ndoo ulishiba, na mfupa uliofuata kwenye njia ya maji ulikuwa wa mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa anachuja.

Nikaingia chumbani nikaanza kukusanya nguo, nazisokomeza kwenye begi bila kuzikunja. Binti alikuwa mlangoni analia kimya kimya, hajui alie kwa ajili yangu au ya bibi yake. Nilimwambia aende kwenye gari. Nikamwambia mama kwamba mtoto harudi, kwamba daktari amesema mifupa yake bado inakua na lazima awahiwe, na asinibishie. Alichukua sweta ya mtoto kwenye kamba, akatufuata nje.

Kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni hatua chache. Nilisimama namsubiri. Magoti yake hayanyooki, mgongo umekakamaa, akitaka kukutazama usoni inabidi ageuke mwili mzima. Alifika, akampa mtoto sweta kupitia dirishani, akamshika shavu. Kisha akanigeukia.

"Nilipokuambia miguu inaniuma, ulisemaje?"

"Nilisema ni umri, mama."

"Nina miaka hamsini na nane." Hakupandisha sauti. "Huyu ameyanywa miaka mitano, umekodi gari umekuja kumchukua. Mimi nimeyanywa tangu nazaliwa."

Akashika mlango wa nyuma kupumzisha mguu. Kiti chote cha nyuma kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimeliangalia gari lile asubuhi, nikaona litatosha: mtoto, begi lake, na mimi.