Betri Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Gari letu lilitoka Japani likiongea. Kila mume wangu alipoliwasha, sauti ya mwanamke ilitusalimu kwa Kijapani, nasi hatukujua anasema nini. Tulimzoea. Ilikuwa van ya haibridi, ya petroli na betri pamoja, na tuliitumia kubeba kabichi na viazi kutoka Nunguni hadi soko la Kathonzweni. Mume wangu, mwalimu mstaafu, aliipenda kwa sababu ikiteremka mlima ilijichaji yenyewe, kimya kabisa.

Fundi wetu pale Wote hakuipenda. Alituonyesha tundu lenye wavu kando ya kiti cha nyuma.

"Betri kubwa iko chini hapa," alisema, "na hapa ndipo inapovutia hewa. Mkiziba, itachemka."

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, shangazi wa mume wangu alifariki huko Tseikuru, tukaenda mazishi. Mama mkwe alikaa nyuma peke yake. Asubuhi hiyo alikuwa amenigombeza mbele ya majirani kwa kuchelewesha chai, na tangu Makueni sikuwa nimemsemesha.

"Kuna kitu kinapumua hapa miguuni," alisema tulipopita Mwingi.

"Ni feni ya betri, Mwaitu," mume wangu alimjibu mama yake.

"Kinanivuta leso."

Joto lilivyozidi, ndivyo feni ilivyozidi kuvuma. Niligeuka nikamkuta akikunja leso yake na kuisokomeza kwenye ule wavu. Kelele ikapungua. Alinitazama. Nilijua ninachopaswa kusema, nikageuza uso nikaangalia barabara.

Baada ya muda yule mwanamke wa Kijapani akasema sentensi ndefu ambayo hatukuwahi kuisikia. Taa nyekundu ikawaka.

"Anasema nini?" mama mkwe aliuliza.

"Labda anatuonea huruma kwa hili vumbi," mume wangu alicheka, akaendelea kuendesha.

Tulishuka kwenye mto mkavu. Katikati ya mchanga gari likaishiwa nguvu, likasimama. Tulipokuwa hapakuwa na tone la mvua, lakini vilima vya mbali vilikuwa vyeusi. Mwanamume aliyekuwa akichunga mbuzi ukingoni akaanza kutupungia mikono.

"Tokeni! Mto unakuja!"

Kisha nikausikia, kama lori linalomwaga kokoto bila kumaliza. Tulimshika mama mkwe huku na huku, tukamburuta hadi ng'ambo. Mume wangu alirudi kuchukua begi la nguo za mazishi. Maji yalimfikia magoti, halafu mapaja, akaliacha begi, akatoka kwa kushika fimbo ya yule mchungaji. Gari liligeuka ubavu polepole, milango wazi. Yule mwanamke bado alikuwa akiongea ndani. Halafu akanyamaza.

Maji yalipopungua, watu wa marehemu walilivuta gari kwa trekta hadi uani kwao. Siku ya tatu, tukiwa tumetoka kuzika, likaanza kufuka moshi chini ya kiti cha nyuma. Hakuna aliyethubutu kulikaribia. Liliungua mpaka likabaki mabati, na harufu yake ikakaa katika nguo zetu.

"Maji ndiyo yameiharibu betri," mume wangu alimwambia kila aliyeuliza.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando yangu. Alinitazama, kama siku ile garini.

Siku hizi mume wangu anatafuta van nyingine kwenye simu, haibridi tena, na anamwonyesha mama yake picha. Mama mkwe hutikisa kichwa tu, kisha huja jikoni kunisaidia kuchambua pojo. Hajanigombeza tena hata mara moja. Juzi alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe hujamwambia mtu kuhusu ile leso?"

Nilimwambia sijamwambia. Akaendelea kuchambua kwa mkono mmoja, na mkono wangu hakuuachilia.