Begonia ya Jirani Niliyompa Mkwe

Nimekosa. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana nikishaanza kujitetea mimi huwa sinyamazi.

Jina langu silisemi. Ya wengine nimeyabadilisha, ingawa mtu wa ploti yetu hapa Makadara akisoma mistari miwili tu atajua ni nani, atacheka, kisha atamwita mwenzake waje wacheke wote. Wacha wacheke. Wameshacheka sana na bado hawajachoka.

Jirani yangu tumwite Mama Mwende. Yeye ni wa Ukambani, mimi ni wa kule Bungoma, na tumekaa mlango kwa mlango tangu mzee wangu akiwa karani wa reli. Watoto wetu walikula sahani moja. Akikosa chumvi anaingia kwangu bila hodi, na mimi nikikosa mkaa naingia kwake vivyo hivyo.

Tofauti yetu ni kwamba mimi na mimea hatupatani. Sukuma wiki, ambayo humea hata kando ya mtaro, kwangu hukunja majani ikajifia. Mama Mwende naye, weee! Veranda yake yote ni begonia. Begonia kwa makopo ya rangi, begonia kwa mitungi iliyokatwa shingo, begonia kwa sufuria iliyotoboka.

Halafu kulikuwa na ile kubwa. Mashina marefu yenye vifundo kama mianzi, majani yenye madoa meupe juu na wekundu chini, maua ya pinki yakining'inia kwa vishada. Hiyo ilipandwa na Mwende mwenyewe, binti yake, kutoka kwa kijiti cha urefu wa kidole, mwaka aliomaliza shule. Sasa Mwende yuko Doha anafanya usafi hotelini, na huu ni mwaka wa nne hajarudi. Kila Jumapili baada ya kanisa anapiga simu ya video. Haulizi habari ya afya kwanza. Anasema, "Mama, nionyeshe ua langu." Mama yake anapeleka simu jani kwa jani, na mimi niko kando nakunywa chai, najifanya sisikii mtoto wa watu akivuta kamasi huko aliko.

Kwa hivyo nilijua. Msije mkasema sikujua!

Sasa, Mama Mwende akaitwa Ukambani, dada yake amefiwa. Wiki mbili. Maua akaniachia mimi, na masharti kuliko ya daktari.

"Mama Nekesa, chomeka kidole kwa udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia kikombe kimoja. Kikitoka na tope, acha. Usimwagie majani, yatashika ukungu. Jua la asubuhi sawa, la mchana hapana. Na ugeuze makopo, yasipinde upande mmoja."

Nikamuuliza, "Kwani haya ni maua ama ni mapacha?"

"Chomeka kidole," akasema. Hakucheka.

Haki ya Mungu nilijitahidi. Nilichomeka mpaka kucha zikawa nyeusi kama za fundi wa magari. Mzee wangu akaniuliza kama nimeajiriwa shambani.

Halafu wakwe wakapiga simu. Familia ya kijana anayemtaka binti yangu Nekesa, wanakuja Jumamosi tujuane. Mayoo! Vitambaa vya makochi nilifua, pazia nikabadilisha, lakini kila nikisimama mlangoni naona sebule bado inafanana na ofisi ya chifu. Macho yangu yakatoka nje, yakatua kwenye veranda ya jirani.

Nikajiambia naazima tu. Yakae ndani saa nne, wageni wakiondoka yarudi, nani atajua? Nikabeba makopo matano, na ile kubwa nikaiweka katikati, kwenye meza ndogo karibu na dirisha, na kitambaa cheupe chini yake.

Wakwe wakafika. Mama wa kijana, mama wa Kayole mwenye sauti ya kwaya, alivuka mlango asimwangalie Nekesa. Mimi mwenyewe hakuniona. Alisimama mbele ya begonia akashika shavu.

"Mkwe! Hili ni lako?"

Jamani, hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Nikasema, "Hilo? Aa, hilo ni la kawaida tu."

"Umelilea mwenyewe?"

"Tangu kijiti."

Mungu wangu! Hata sijui hayo maneno yalitoka wapi.

"Mtu anayelea ua namna hii," akawaambia watu wake, "mtoto wake tunamchukua tukiwa tumefumba macho." Basi nikavishwa kilemba cha ukoka, nami nikakikaza vizuri kichwani. Nikaanza kufundisha! Kuchomeka kidole, jua la asubuhi, kugeuza kopo, masharti yote ya Mama Mwende niliyamwaga kama yangu. Yalipoisha nikatunga mengine. Nilisema huwa naliimbia. Mzee wangu alipaliwa na chai.

Wakati wa kuondoka ukafika. Na nyinyi mnajua mambo ya wakwe: siku ya kwanza hawatoki kwako mikono mitupu, na kitu walichokisifu mara tatu mbele ya watu, kukinyima ni kama kuwafukuza. Kuku nilikuwa nimewafungia, ndizi nimewafungia. Mama wa watu akaniuliza kwa upole, "Mkwe, siombi mengi, kijiti kimoja tu nikapande." Kijiti! Ningekata kijiti, na hata Mama Mwende asingekasirika.

Lakini nilikuwa nimelewa sifa. Nikasema, "Kijiti cha nini? Beba lote! Mimi ninayo mengi."

Nekesa akafungua mdomo, nikamkazia macho. Mzee wangu akaangalia dari.

Gari lilipokata kona, ua likichungulia dirishani, ndipo akili ikanirudia. Niliketi kwenye ngazi na zile nguo zangu za kupokea wageni nikasema mimi leo nimekwisha.

Mama Mwende alirudi Jumatano. Nilikuwa nimejipanga: nikubali kosa dogo nifiche kubwa. "Nisamehe mwenzangu, lile kubwa lilioza. Nilizidisha maji." Nikatoa na machozi. Machozi yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya hiyo sababu.

Hakunikaripia. Aliweka mkoba chini. "Lote?"

"Lote."

"Begonia haiozi yote pamoja. Huanzia chini, kule juu hubaki kijiti cha kupanda. Ulitupa wapi?"

Nikaonyesha jaa la mwisho wa ploti. Nilionyesha tu ili anyamaze, sikudhani ataenda.

Alienda, na nguo zake za safari. Nilisimama nyuma ya pazia nikamwona mwanamke wa miaka sitini anapekua takataka kwa fimbo. Anainama, anaokota chochote cha kijani, anakiinua kwenye mwanga, anakitupa, anainama tena. Alitafuta karibu saa nzima. Na ua liko Kayole, limekaa juu ya meza ya watu! Ningefungua dirisha nikasema neno moja angeacha. Sikufungua. Nilisema nitamwambia jioni, na jioni nikasema nitamwambia kesho.

Jumapili simu yake ikalia kama kawaida. Chai sikwenda. Lakini kuta zetu mnazijua, nilisikia kila kitu. "Liko sawa, mwanangu," alikuwa anamwambia Mwende. "Leo mtandao ni mbaya, sitakuonyesha." Mama Mwende, shemasi wa kanisa, ametoka ibadani anamdanganya mtoto wake kwa ajili ya upuuzi wangu.

Na bado nilinyamaza! Nilifikiri yamepita.

Nekesa nilikuwa nimemwapisha. Yule kijana wake sikumfikiria. Akitaka kunifurahisha, akapiga picha ya ua kwa mama yake akaiweka mtandaoni: "Zawadi ya mama mkwe, amelilea tangu kijiti." Sasa niambieni, ni nani humfuata kijana huyo kule mtandaoni, kwa kuwa ni mchumba wa rafiki yake wa utotoni? Mwende.

Simu yangu ikalia mchana, namba ya Doha.

"Anti," akasema, "nasikia ua langu limeolewa Kayole. Sisi wazazi hatukuitwa?"

Nikakaa chini.

"Mahari ilienda kwa nani, anti? Na mbona limemtangulia Nekesa?"

Alikuwa anacheka. Mara kicheko kikakatika, akasema polepole, "Ungeomba, anti. Mimi ningekupa. Hata mama angekupa."

Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitusi ningepata la kujibu, mnanijua.

Siku hiyo hiyo nikaenda Kayole bila mwaliko. Nilijua huenda navunja ndoa ya mtoto wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamwambia mkwe yote, hata ile ya kuimba. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka akashika ukuta.

"Mkwe, mimi nilishuku! Nilipita pale mlangoni kwako nikaona ile sukuma wiki yako. Nikajiuliza, huyu mama, ni nani anamsaidia na ua?"

Akaomba namba ya Mama Mwende, akampigia nikiwa papo hapo, akamwomba ruhusa ya kubaki na kijiti kimoja. Akapewa. Ua akalifunga kwa leso akanirudishia. Siku hizi hao wawili ni marafiki, wanapigiana simu, na nasikia mimi huwa ndio mazungumzo.

Nililipeleka kwa Mama Mwende kwa mikono miwili. Njiani lilikuwa limeangusha majani na shina moja limevunjika. Akachomeka kidole kwa udongo. "Lina kiu," akasema. Nikamwomba msamaha wa ua, na wa ile saa moja pale jaani. Huo wa jaani niliuomba nikilia. Akasema amenisamehe, na najua hasemi uongo. Chumvi tunaazimana. Ndoa ya Nekesa ipo. Mtaani naitwa Mama Maua, na mwenye kibanda cha mboga huniuliza kama na nyanya huwa naziimbia.

Lakini mwezi uliopita Mama Mwende aliitwa tena Ukambani. Nilisubiri hodi. Hata kucha nilikuwa nimekata, tayari kwa kazi! Hodi haikuja. Asubuhi nimekaa mlangoni nachagua mchele, nikamwona anapita na kopo mikononi, analipeleka kwa fundi wa nguo pale kona.

"Habari ya asubuhi, Mama Nekesa?"

"Nzuri, Mama Mwende."

Akarudi, akachukua la pili, akanisalimia tena. La tatu, tena. Alipita mbele yangu mara kumi na moja, na kila mara ananisalimia vizuri kabisa, kama ndiyo kwanza tunaonana siku hiyo. Lile kubwa alilibeba mwisho. Nikainuka nikasema, "Wacha nikusaidie." Akatabasamu. "Keti tu mama, usije ukachoka."

Nikaketi. Mchele wenyewe niliupika na mawe yake.

Basi nyinyi mnaojiandaa kupokea wakwe, kopeni viti, kopeni sahani, kopeni hata mazulia, hakuna dhambi. Lakini mgeni akikisifu, mwambieni ni cha jirani. Semeni, jamani! Semeni angali mlangoni, hata viatu hajavua.