Mtamba Aliyewekeshwa Isaka

Ipo siku moja naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, kwa sababu siku hiyo nusura harusi yenyewe isiwepo. Ni siku niliyoshuka kwenye treni pale Isaka nimemshika bibi yangu mkono, na kaka yangu Luhende yuko mbele, anatembea haraka, shati limepigwa pasi. Alikuwa anakwenda kuchukua gari lake.

Masele, acha hilo turubai kwanza. Gari lako lipo, halijakimbia. Umetoka Geita leo hii na vumbi lote hilo, kaa, chai hii hapa. Na hao wenzako wakae. Mbuzi anayelia nyuma ya jiko msimjali, ana kelele tu.

Nawaambia ninyi kwa sababu nawajua. Kabla Masele hajaenda huko machimboni mlikuwa mnanijazia uwanja kila Jumapili. Mmoja ana Pijo, mmoja ana Datsun, mjukuu wangu Masele na hiyo Staleti yake nyekundu. Mnafungua maboneti, mnainama wote, mnanyamaza kama watu waliokwenda kumwona mzazi. Halafu mnaanza: magari yalikuwa yale, haya ya siku hizi ni simu zilizofungwa matairi. Mimi nimekaa hapa nachambua maharage, nacheka peke yangu. Enzi hizo hamjazaliwa, lakini mnazikumbuka kuliko mimi niliyeyapanda. Sawa, hakuna ubaya. Ila kuna jambo moja la hayo magari hamlijui.

Luhende ndiye alikuwa mkubwa kwetu. Baba alishafariki, kwa hiyo neno la Luhende ndilo lilikuwa neno la nyumba. Tulikaa upande wa Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe na vumbi. Msimu mmoja pamba ikakubali, Luhende akauza na ng'ombe juu yake, akaenda Ushirombo kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Akarudi na kagari. Nasema kagari, mwanangu, kalikuwa kama hako kako: milango miwili, nyuma kamekatika ghafla kama kuku asiye na mkia, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Kekundu. Kadogo hivi, lakini kakinguruma mbwa wanaingia ndani. Padri yule alikuwa mtu wa mbio, walisema. Alikuwa anasalisha vigango vyote kabla jua halijawa kali.

Luhende akakaita Mtamba. Ng'ombe wetu wana majina, akaona na kagari kapate jina la ng'ombe. Kalifanana kweli na mtamba, yule jike ambaye hajazaa bado, miguu myepesi, hatulii. Bibi yetu Minza, mama yake baba, akakanyunyizia maji ya unga kwenye matairi, akakaombea kazae. Watu wakacheka. Bibi hakucheka.

Shida ikaanza wiki hiyo hiyo. Mgonjwa, gari. Msiba, gari. Mjomba anataka kwenda mnadani na mbuzi wake, gari. Na Luhende alikuwa anakapenda kagari kale mpaka anakafuta vumbi kwa kanga ya mama. Akiona mbuzi anakaribia, jasho linamtoka. Akasema, nikikaacha hapa watakamaliza. Na yeye alikuwa anataka kwenda Geita, dhahabu ilikuwa imeita watu. Kwenda nako hawezi. Duarani, kule machimboni, unashuka kwenye shimo kutwa nzima, gari huko juu unamwachia nani?

Basi akafanya kama wanavyofanya watu wetu kwa ng'ombe. Ninyi wa mjini labda hamjui. Ukiwa na ng'ombe wengi huwaweki zizi moja. Mmoja unampeleka kwa rafiki wa mbali, unamwambia, nakuwekesha huyu. Yeye anachunga, anakamua, maziwa yake, hata samadi yake. Ila ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Ugonjwa ukiingia kwako, wale wa mbali wanapona. Na ndugu wenye kuomba hawajui hata una ng'ombe wangapi, hilo nalo linasaidia.

Luhende alikuwa na rafiki Isaka anaitwa Maganga, kijana aliyeanza utingo kwenye malori mpaka akajua kuendesha. Akampelekea Mtamba. Akamwita mzee jirani awe shahidi, akatoa funguo, akasema maneno yale yale ya ng'ombe: nakuwekesha huyu. Akaenda zake Geita.

Sasa huyo Maganga ndiye aliyekuwa ananiposa mimi. Alishawahi kuja kwetu, nikampelekea maji ya kunawa, akanawa muda mrefu kuliko watu wengine. Wazee wakazungumza, ng'ombe wa mahari wakakubaliwa. Lakini bibi akasema hakuna kitu kitatoka hapa mpaka Luhende arudi aseme ndiyo kwa mdomo wake. Nikasubiri. Misimu ya pamba ikaja ikaenda, mimi nasubiri tu. Mume wangu alikuwa mdomoni mwa kaka yangu, elewa hapo.

Luhende akarudi na dhahabu kidogo na hamu kubwa ya gari. Kule shimoni alikuwa anakaota. Akasema, "Tunakwenda Isaka, nachukua Mtamba, nasema ndiyo. Na siku ya harusi nakuendesha mwenyewe, Kabula. Utashuka kwenye kagari kanang'aa, watu washike midomo." Kwa desturi mimi nisingekwenda nyumbani kwa mchumba. Lakini bibi alitaka kuona mji nitakaoolewa, na macho yake yalishaanza ukungu. Akasema, huyu ndiye macho yangu, anakuja.

Tukafika. Maganga akatoka anafuta mikono, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

Akampa bibi kiti. Luhende hakusalimia. Alikuwa anaangalia nyuma ya Maganga, na mimi nikaangalia.

Pale pamesimama kitu. Wekundu umekwenda, imebaki rangi ya tofali. Juu kamechomelewa keria ya vyuma. Kioo cha pembeni kimekufa, pamefungwa kioo cha kunyolea kwa waya. Mlango wa nyuma uko wazi, ndani siti hakuna, kuna tairi la lori, kamba, na pamba imenasa kila mahali. Harufu ya mbuzi unaipata ukiwa bado hujafika.

Bibi akanivuta kanga. "Kuna nini? Mbona kimya?"

"Gari limechakaa, bibi."

"Limekufa?"

"Halijafa."

"Basi."

Luhende akasema, "Maganga, hiki nini?"

"Mtamba."

"Mtamba wangu alikuwa na siti."

"Siti zipo. Nimezitundika darini, nimezifunga na nailoni panya wasizile. Nilizitoa siku ile ile ulipoondoka."

"Na hiki kitanda ulichomvika kichwani?"

"Keria hiyo. Malori yanaharibika njiani, Luhende. Dereva anakaa porini na mzigo wa watu. Mimi nampelekea tairi na fundi. Kadogo haka, kanapita pale lori lilipokwama."

"Nilikupa unitunzie."

"Hukusema kutunza. Ulisema unaniwekesha. Shahidi yule pale anaota jua, kamuulize. Mtu akiniwekesha, nakamua."

"Gari halina maziwa, Maganga."

"Hili lilikuwa nayo."

Yule mzee jirani akadakia kutoka kwenye kigoda chake, hakuna aliyemuuliza. "Na wengine tumeyanywa. Mimi nilipelekwa hospitali Kahama na hako hako, nimelala juu ya tairi kama mzigo. Nimepona."

Sasa hivi nikisimulia nacheka. Siku hiyo sikucheka. Luhende aligeuka akaniangalia, akasema polepole, na Luhende akisema polepole ndiyo mbaya. "Kabula, mshike bibi tuondoke. Mtu aliyelitenda gari hivi, mwanamke atamtendaje? Hapa huolewi."

Maganga akainamisha kichwa, akaendelea kufuta mkono ambao ulishafutika. Hakuomba. Nilimchukia kidogo kwa kutoomba kule. Baadaye nikaishi nacho hicho kiburi chake miaka mingi, nikakizoea.

Bibi hakunyanyuka kitini. "Luhende, njoo hapa niliko, sikuoni."

Akaenda.

"Ng'ombe uliyemwekesha mtu, ukimfuata, unauliza nini kwanza?"

Luhende akageuka kuliangalia gari.

"Nakuuliza wewe, mtoto wa mwenye ng'ombe. Unauliza pembe? Unauliza kwa nini mkia una tope?"

"Unauliza amezaa nini," Luhende akasema. Yalimtoka kwa taabu.

"Sasa wewe umefika kwa mtu hujamsalimia, hujauliza amezaa nini. Umeuliza siti. Kama ulitaka likae lisiguswe, ungesema. Ungemwambia, hili ni sanduku langu, nilifungie. Mwenzio angekujibu ndiyo au hapana. Lakini uliona aibu kusema hivyo, utaonekana mchoyo. Ukaazima maneno ya ng'ombe kwa sababu yana heshima. Haya, yabebe yote sasa. Maganga, baba, amezaa?"

Maganga akageuka. Akazunguka nyuma ya nyumba. Tukabaki sisi na mzee wa kigoda. Luhende akaenda akaligusa tairi kwa kiatu, taratibu.

Maganga akarudi ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mtamba wa kweli, wa miguu minne, mwekundu, doa jeupe usoni, ananusa kila mtu.

"Nilichopata kwenye malori nilikula, ndiyo maziwa," akasema. "Lakini nikaona haiwezekani akae kwangu muda wote huo asizae. Nikawa najibana, nikamnunua huyu mnadani. Alichelewa kupatikana, maana nilitaka mwenye rangi ya mama yake. Ile ya zamani."

Bibi akaomba asogezewe. Akampapasa mgongo, akampapasa masikio, akacheka kicheko kirefu mpaka kikamletea kikohozi. "Wabeja, baba," akasema, ndiyo asante ya kwetu. "Niliomba azae, wakanicheka."

Luhende akamwangalia mtamba, akaliangalia gari, akamwangalia mtamba tena. Mdomo wake ulikuwa unakataa kucheka na unashindwa. Halafu akanyoosha mkono, akapokea kamba.

"Huyu," akamwambia Maganga, "usije ukamchanganya na wale wa mahari."

Ndivyo nilivyoolewa, mwanangu. Neno lingine la ndiyo hakulisema. Siti zikashushwa darini, safi kama alivyoziacha padri, na siku ya harusi nikazikalia. Kagari kananuka mbuzi, keria imefungwa matawi. Aliendesha Luhende kama alivyoahidi, ila babu yenu alilazimika kukaa pembeni yake, bwana harusi mzima, amwingizie gia ya tatu, maana gia ile ilikuwa inamsikia yeye tu. Watu walishika midomo kweli.

Kagari kalikufa baadaye, kama vyuma vyote, wala sikulia. Yule mtamba alizaa, na waliozaliwa wakazaa. Ada yako ya shule, Masele, imetoka kwenye ukoo huo. Unaposema magari ya zamani yalikuwa magari, mimi nakubali. Lile moja limekufikisha hapo ulipo.

Ninalotaka mshike ni hili. Yapendeni magari yenu, sikatazi, nami napenda kusikia yakinguruma. Lakini mkimwachia mtu kitu, semeni mnachotaka, hata kama kusema kunawatia aibu. Kama hutaki kiguswe, sema hutaki kiguswe, mtu akusikie na achague. Usichukue desturi ya wazee kwa utamu wake, halafu ikifika zamu ya mwenzio kukamua ukaja juu. Na ukirudi, salimia. Uliza kilichozaliwa, ndipo uulize kilichochubuka. Rangi fundi anapiga nyingine. Mimi kaka yangu angenikokota kurudi Kishapu siku ile kwa sababu ya siti, na siti zenyewe zilikuwa salama darini, sijui leo ningekuwa namsimulia nani.

Na wewe Masele, siku unakwenda Geita uliniambiaje? Ulisema, "Bibi, nakuwekesha hii." Shangazi yako alikuwepo, amekaa hapo hapo. Nikakuuliza mara ya pili, unaniwekesha? Ukasema ndiyo bibi, nakuwekesha, ukanibusu kichwani ukakimbilia basi. Haya. Siti za nyuma ziko darini, nimezifunga na nailoni. Doto wa shangazi yako ananipeleka nayo kanisani, na siku za mnada tunabeba mahindi ya majirani. Inakwenda vizuri hiyo Staleti yako, ina nguvu, nimekuwa nikikusifia kwa watu.

Mungu awape mikono ya kazi, wanangu, na njia zisizo na mashimo. Awape marafiki wa kuwawekesha mali zenu mkalala usingizi. Na mnachokipenda kizae, mkione kinazaa mkiwa hai.

Maliza chai yako sasa, ukafunue turubai. Ukianza kwa kuniuliza vizuri, nitakwambia huyo mbuzi jike nyuma ya jiko ni wa nani.