Aliyesikiliza Laini

Mmmmm. Ndivyo inavyolia laini ikiwa nzima: mlio mmoja mnene usiokatika, kama nyuki aliyenaswa ndani ya ua la mgomba. Theodory Silayo aliusikia mara ya kwanza mwaka 1978, siku alipopewa mkono wa simu katika chumba cha mitambo mjini Moshi, na tangu siku hiyo aliamini kwamba fundi ni masikio. Miaka ishirini na mitano alipanda nguzo, mitaa ya Moshi kutoka Soweto hadi Shirimatunda, na huko juu Rombo. Wenzake walibeba vipimo. Yeye alisikiliza, akafumba macho, akasema, "Maji yameingia kwenye kiungo, nguzo ya nne." Wakienda nguzo ya nne, wanakuta maji.

Alipostaafu alirudi kihambani kwake, shamba la ukoo lililo juu kidogo ya mji wa Mkuu, Rombo, kwa mkewe Dafroza. Mwaka haukuisha, kituo cha afya cha parokia kikamwita. Mjerumani mmoja wa kujitolea alikuwa amewaachia kompyuta inayotumia mfumo wa Linux, na modemu ya kupiga simu, kisha akarudi kwao. Theodory akajifunza uzeeni: amri za kuandika kwenye skrini nyeusi, faili za mipangilio, namba ya kampuni ya intaneti kule Moshi. Kila alfajiri mashine yenyewe ilipiga simu Moshi, ikatuma barua za kituo na kupokea zilizokuja. Ikigoma, anaitwa mzee.

Naye mzee alikuwa na njia yake. Kila hatua inayopita, mashine huiandika yenyewe katika faili moja. Mjerumani alikuwa amesisitiza kwamba hiyo ndiyo isomwe kwanza. Theodory alicheka. "Hiyo ni ya wasio na masikio." Yeye alifungua spika ya modemu akasikiliza: namba zinapigwa, simu inaita, halafu modemu ya Moshi inajibu kwa filimbi kali, na ya huku inairudishia, mpaka zielewane zinyamaze. Filimbi isipokuja alihesabu hadi thelathini, akakata, akajua ugonjwa uko kwenye waya.

Mwaka 2005 yalikuwapo mambo aliyoyaona asiyatilie maanani. Kanisani alichelewa kuitikia. Dafroza alimwita kutoka jikoni mara tatu ndipo ageuke. Nyenje wa jioni walikuwa wamenyamaza, na vindege vya alfajiri pia. Aliwaambia majirani kwamba viumbe wamehama, maana watu wameng'oa kahawa. Majirani walimstahi, hakuna aliyembishia.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane umeme ulikatika kabla ya alfajiri, ukarudi saa mbili asubuhi. Simu ya alfajiri haikupigwa, na barua ya nesi Monica ilikuwa bado imelala ndani ya mashine; akaitwa mzee. Monica alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea ukunga katika chuo kimoja nje ya nchi. Walitaka athibitishe kwa barua pepe, pamoja na picha za vyeti, kabla ya saa sita mchana wa siku hiyo. Asipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Cheti cha kuzaliwa alikuwa amekipata Mkuu jana yake jioni tu. Tena chuo kilichukua wasiofikisha miaka thelathini, naye angeitimiza Oktoba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia una safari."

"Safari imo humo ndani ya mashine yako."

Nje honi ililia. Anold, dereva wa kituo, alikuwa akishuka Moshi kuchukua dawa. "Nesi Monica! Panda twende! Saa tano tuko mjini kwenye intaneti. Hiyo mashine ya mzee imekula chumvi nyingi kuliko babu yangu!"

Monica alisimama mlangoni na bahasha ya vyeti. "Nishuke naye, mzee? Niambie ukweli."

"Ushuke ukafanye nini?" Theodory alivuta kiti. "Nipe saa moja. Mimi na laini tunajuana."

Monica akampungia Anold mkono aende, akarudi wodi ya wazazi.

Theodory akapiga. Mlio wa laini, mnene, mzuri. Namba. Simu ikaita. Kisha kimya. Alihesabu hadi thelathini, akakata. Alitoka akakagua waya ukutani, akabadilisha soketi, akapiga tena. Kimya. Aliweka ngazi, akafungua kiungo cha kwenye nguzo, akakikuta kikavu kama mfupa. Kimya. Alipiga simu ya kawaida kwa kampuni kule Moshi, kijana akamjibu, "Huku kuzuri, mzee, wenzako wanaingia." Theodory akasonya. Vijana! Akazima mashine, akaiwasha. Kimya, na kimya tena.

Ilipobaki dakika kumi kufika saa sita, Monica aliingia akifuta mikono, ametoka kuzalisha. Hapohapo akaziba masikio.

"Yesu na Maria! Mzee, unakaaje na makelele haya? Yanatoboa kichwa!"

"Makelele gani?"

Monica alicheka, akaionyesha modemu kwa kidevu. "Si hayo! Wewe umeshayazoea."

Theodory aliitazama modemu. Vitaa vyake vilikuwa vikicheza. Aliinamisha kichwa karibu, karibu zaidi, mpaka shavu likagusa plastiki ya moto. Hakusikia kitu. Na kidole chake, kilichokuwa kikihesabu peke yake, kikabonyeza kukata.

"Afadhali, yamenyamaza," alisema Monica. "Imeingia?"

"Bado."

Monica aliitwa wodini, akakimbia. Theodory akafungua ile faili ya wasio na masikio. Mashine ilikuwa imeandika kwa utaratibu, bila hasira. Mara saba Moshi ilikuwa imejibu. Mara tano modemu zilikuwa zimekwisha kuelewana, na sekunde moja baadaye mstari uleule: imesimamishwa kutoka kwenye kibodi.

Akapiga bila kusikiliza. Namba ilikuwa inatumika. Ndiyo saa ambayo ofisi zote hutuma barua zao. Akapiga tena. Inatumika. Mara ya nne, mara ya tano. Alipopata nafasi ilikuwa saa sita na dakika ishirini, na picha za vyeti zikaanza kutoka, polepole, kama maji kwenye bomba lenye kutu.

Jibu lilikuja Jumatatu alfajiri. Sentensi mbili: walisikitika, na nafasi imepewa mwingine.

Sista Lukresia, mkuu wa kituo, alikasirika. "Nitawaandikia hao watu wa simu. Laini zao zitatuua!"

Monica hakulia mbele ya watu. Alimaliza zamu, akaja kuketi na Theodory kwenye benchi la wagonjwa. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Usijitese, mzee. Ni laini tu, ndivyo zilivyo za huku juu. Wewe ulihangaika asubuhi nzima, nilikuona na ngazi."

Theodory alikuwa akimtazama midomo. Angeweza kuitikia kwa kichwa, na ingeishia hapo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo yeye mwenyewe hakuisikia:

"Laini ilikuwa nzima."